Fumbo la kusogeza herufi kwa Python, toka karatasi mpaka kulivunja

Mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa anayejua kusema kinyume tayari ana nusu ya somo hili. Kwenye kinyume silabi ya mwisho huletwa mbele, mbuzi akawa zimbu, na asiyejua kanuni haambulii kitu. Fumbo la leo lina kanuni yake: kila herufi inaondolewa na mahali pake inakaa herufi iliyo mbele yake kwa idadi fulani katika alfabeti. Idadi hiyo ndiyo ufunguo. Mwanahistoria wa Kirumi Suetonius aliandika kwamba Julius Caesar alificha barua zake kwa ufunguo wa 3, A ikawa D, B ikawa E, na kuendelea, ndiyo maana fumbo hili linaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Tutaliandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kisha tutalivunja. Sehemu ya kuvunja ndiyo yenye kazi, kwa sababu programu nyingi za kuvunja mafumbo zimetungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambamo herufi inayojirudia zaidi ni E. Ukiipa programu ya namna hiyo ujumbe wa Kiswahili, itakurudishia takataka. Kiswahili kina tabia zake, na programu lazima izijue.

## Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta yoyote yenye Python 3 inatosha, hata ile kongwe ya saiba. Kwenye Windows pakua kutoka python.org, na kabla ya kubonyeza kitufe cha kusakinisha, tia tiki kwenye kisanduku cha chini kilichoandikwa "Add python.exe to PATH". Wengi hukiruka, halafu wakiandika `python` kwenye dirisha la amri wanaambiwa haijulikani. Kwenye simu ya Android, programu ya Pydroid 3 inafanya kazi hii yote. Pamoja na hiyo uwe na karatasi ya hesabu ya A4 yenye miraba ya nusu sentimita, mkasi na kalamu.

## Hatua ya 1: fanya kwa mkono kwanza

Usiiruke. Asiyeweza kuficha neno moja kwa karatasi hatajua programu imekosea wapi.

Kata ukanda wa miraba 26, ambao ni sentimita 13, uandike A hadi Z, herufi moja kwa kila mraba. Kata wa pili wa miraba 52, yaani sentimita 26, uandike alfabeti mara mbili mfululizo. Urefu wa A4 ni sentimita 29.7, kwa hiyo unaingia bila kuunganisha. Weka ukanda mfupi juu ya mrefu, A chini ya A, kisha vuta ule mrefu kushoto miraba 3. Sasa chini ya A pana D.

Ficha MBAAZI. M inakuwa P, B inakuwa E, A mbili zinakuwa D mbili, Z inakuwa C, I inakuwa L: PEDDCL.

Itazame Z vizuri. Herufi zilikwisha, ukanda wa chini ukaanza upya kutoka A. Alfabeti yetu ni duara. Pia angalia zile D mbili zilizokaa pamoja, maana tutazirudia.

## Hatua ya 2: hesabu ya duara

Hesabu hii unaifanya kila siku ukitazama saa. Sasa ni saa tisa mchana, feri yako iko baada ya saa 5. Tisa na tano ni 14, lakini hakuna mtu atakayekwambia ufike Likoni saa kumi na nne. Atasema saa mbili usiku. Umegawanya 14 kwa 12 ukachukua baki, 2. Python inaandika baki kwa alama ya asilimia: `14 % 12` inatoa 2.

Pana tofauti moja. Saa saba ukiongeza 5 unapata 12, na baki ya 12 kwa 12 ni 0, ilhali sisi twasema saa kumi na mbili. Saa haina sifuri. Herufi tutazipa sifuri: A ni 0, B ni 1, mpaka Z ambayo ni 25. Ukianza kuhesabu A kama 1, baki 0 itakosa herufi na Z itakusumbua kila mara. Python yenyewe inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo tunakwenda sambamba nayo.

Z ni 25. 25 + 3 ni 28. Baki ya 28 kwa 26 ni 2. Herufi namba 2 ni C. Ndivyo ilivyotoka kwenye karatasi.

## Hatua ya 3: programu yenyewe

Fungua faili mpya, liite `fumbo.py`, uandike:

```
ALFABETI = "abcdefghijklmnopqrstuvwxyz"

def geuza(ujumbe, ufunguo):
    matokeo = ""
    for herufi in ujumbe:
        ndogo = herufi.lower()
        if ndogo in ALFABETI:
            mahali = ALFABETI.index(ndogo)
            mpya = ALFABETI[(mahali + ufunguo) % 26]
            if herufi.isupper():
                mpya = mpya.upper()
            matokeo = matokeo + mpya
        else:
            matokeo = matokeo + herufi
    return matokeo

print(geuza("Mbaazi", 3))
```

Ikikuchapishia `Peddcl`, umefika. Mstari wa `for` unachukua herufi moja baada ya nyingine. `lower` inaipunguza iwe ndogo ili tutumie alfabeti moja tu. `index` inatuambia herufi ni ya ngapi, hesabu ya duara inafanyika, na kama ya mwanzo ilikuwa kubwa basi mpya nayo inakuzwa. Kisichokuwa herufi, kama nafasi, nukta au tarakimu, kinapita kilivyo kupitia `else`.

Alfabeti ni ya herufi 26 ingawa Kiswahili hakitumii Q wala X, na C huja na H tu. Usizitoe. Majina ya watu na ya mitaa huja na herufi hizo, na mwenzako mwenye alfabeti ya 24 hataelewana nawe mwenye ya 26.

## Hatua ya 4: kuficha na kufichua

Kufichua ni kurudi nyuma, basi ufunguo unakuwa hasi. Futa ule mstari wa mwisho wa `print`, weka hii:

```
kazi = input("Ficha au fichua? ")
ujumbe = input("Andika ujumbe: ")
ufunguo = int(input("Ufunguo (1 hadi 25): "))

if kazi.strip().lower() == "fichua":
    ufunguo = -ufunguo

print(geuza(ujumbe, ufunguo))
```

`input` huleta maandishi hata ukibonyeza tarakimu, ndiyo sababu ya `int`. Ukiisahau wakati wa kuficha utaona `TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'str'`, maana yake umejaribu kujumlisha namba na neno. Mtumiaji naye akiandika "tatu" kwa herufi, `int` itakataa kwa `ValueError`. Ufunguo 0 na 26 haubadilishi kitu. Ufunguo 13 ukiutumia mara mbili unarudisha ujumbe wa mwanzo, kwa sababu 13 na 13 ni 26.

Kabla ya kuendelea, ijaribu kwa funguo zote:

```
for k in range(26):
    asili = "Zamu ya nani, wewe au yeye?"
    if geuza(geuza(asili, k), -k) != asili:
        print("Kosa kwenye ufunguo", k)
```

Isipochapisha chochote, kazi ni nzuri.

## Yanayoharibika, na kwa nini

Kosa la kwanza ni kusahau `% 26`, na ni kosa lenye hila. Ukificha `Zanzibar` kwa ufunguo 3 bila hiyo alama, Python inasimama na `IndexError: string index out of range`, kwa sababu hakuna herufi namba 28. Hapo umeliona. Lakini ukijaribu kufichua tu, mambo yanakwenda sawa: A ukirudisha 3 ni -3, na Python ikiambiwa herufi ya -3 huhesabu kutoka mwisho, ikakupa X, jibu sahihi. Anayejaribu upande wa kufichua pekee ataapa kwamba programu ni nzima. Jaribu pande zote mbili, na kwa neno lenye Z.

Lingine linatokana na kutumia `find` badala ya `index`. `index` isipoona herufi hupiga kelele, `ValueError: substring not found`. `find` hunyamaza, ikarudisha -1. Ukiwa hukuweka sharti la `if`, nafasi kati ya maneno itahesabiwa kuwa -1. Ongeza 3, ni 2. Nafasi zote zitageuka kuwa c na maneno yatashikana. Programu haikulalamika hata kidogo. Kosa linalopiga kelele ni afadhali kuliko lililonyamaza, kwa hiyo hapa chagua `index`.

`return` iliyosogezwa ndani ya `for` inamaliza kazi baada ya herufi ya kwanza. Ukiona "Mbaazi" imetoa `P` peke yake, tazama `return` imeanzia wapi: iwe sawa na neno `for`, chini yake kabisa. Kwenye Python pambizo ndiyo sarufi. Tumia nafasi nne kila ngazi, wala usichanganye na kitufe cha Tab, la sivyo utapata `TabError`.

Halafu kuna ng'. Ukiandika `'ng'ombe'` kwa alama moja moja za nukuu, Python itadhani neno limeishia kwenye `ng`, na `ombe` itakuwa haina mwenyewe: `SyntaxError`. Zungushia maneno ya Kiswahili alama mbili mbili siku zote, `"ng'ombe"`. Na ukinakili programu kutoka kwenye faili la Word, alama za nukuu huenda zimepindwa na Word, `“` badala ya `"`. Python itakwambia `invalid character '“' (U+201C)`. Zifute uziandike upya kwa mkono. Ni kazi ya dakika moja.

Kosa la mwisho ni la watu wa pwani hasa. Vitabu vingi hufundisha fomula ya `ord` na `chr`:

```
chr((ord(herufi) - 97 + ufunguo) % 26 + 97)
```

Hiyo hutegemea kwamba namba ya `a` katika kompyuta ni 97. Ili kuchuja nafasi na nukta huongezewa sharti la `herufi.isalpha()`. Sasa mtu wa Mombasa anaweza kuandika salamu kwa herufi za Kiarabu katikati ya ujumbe, na `isalpha()` inakubali kwamba م ni herufi, kwa sababu ni herufi kweli. Namba yake ni 1605. Toa 97, ongeza 3, ni 1511. Baki kwa 26 ni 3. م imegeuka kuwa d, na hakuna njia ya kuirudisha. Sharti letu la `in ALFABETI` linaiacha م salama salimini. Ndiyo maana programu hii imeandikwa kwa njia ndefu kidogo.

Tarakimu zinapita wazi, kwa hiyo ujumbe wenye namba ya simu utaificha "nipigie" na kuiacha namba yenyewe uchi. Ukitaka nazo zisogee, ongeza kati ya `if` na `else`:

```
        elif herufi in "0123456789":
            matokeo = matokeo + str((int(herufi) + ufunguo) % 10)
```

Duara la tarakimu ni la 10, hivyo ufunguo 10 au 20 utaziacha zilivyo. Na hata zikisogea, PIN ya M-Pesa au nywila yoyote usiifiche kwa fumbo hili. Hatua inayofuata itaonyesha kwa nini.

## Hatua ya 5: kulivunja kwa nguvu

Umeokota karatasi iliyoandikwa:

`Whukh mlyp fh zhh tvqh qpvup`

Funguo ni 25 tu. Zijaribu zote. Futa kwanza mistari ya `input` ya Hatua ya 4 pamoja na `if` na `print` zake, au nakili `ALFABETI` na `geuza` kwenye faili jipya:

```
siri = "Whukh mlyp fh zhh tvqh qpvup"
for k in range(1, 26):
    print(k, geuza(siri, -k))
```

Mistari ya 6, 7 na 8 itakuwa hivi:

```
6 Qboeb gfsj zb tbb npkb kjpoj
7 Panda feri ya saa moja jioni
8 Ozmcz edqh xz rzz lniz ihnmh
```

Jicho halikosei. Kompyuta haikutumia hata sekunde.

## Hatua ya 6: programu ilivunje fumbo yenyewe, bila jicho

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ndiye aliyeandika maelezo ya zamani zaidi tunayoyajua ya kuvunja fumbo kwa kuhesabu herufi: tafuta herufi inayojirudia zaidi katika lugha, tafuta inayojirudia zaidi katika fumbo, zilinganishe. Kwa Kiswahili, herufi hiyo ni A. Imejaa kila mahali: wa, ya, za, na, kwa, ana, -a ya mwisho wa vitenzi.

Hesabu kwa kidole herufi za ule ujumbe: ziko 23, na h peke yake imetokea mara 6. Inayofuata ni p, mara 3. Kama h ni A, na h ni herufi namba 7, basi ufunguo ni 7.

```
def kisia(siri):
    maandishi = siri.lower()
    nyingi = max(ALFABETI, key=maandishi.count)
    return ALFABETI.index(nyingi)
```

`max` inapitia herufi za alfabeti, kila moja inaulizwa imetokea mara ngapi kwenye maandishi, na iliyozidi inachukuliwa. Kwa kuwa A ni 0, namba ya hiyo herufi ndiyo ufunguo.

Mbinu hii inafaa kwa ujumbe mrefu. Ujumbe mfupi unaweza usiwe na A hata moja. Mfano wa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa: "Ndoo kwetu upesi", yaani njoo kwetu upesi. Ukiuficha kwa ufunguo 11 unapata `Yozz vhpef fapdt`. Hapo f, p na z zote zimetokea mara mbili. `max` ikikuta sare huchukua ya kwanza, yaani f, na `kisia` inajibu 5. Ukifichua kwa 5: `Tjuu qckza avkyo`. Haisomeki.

Basi tumia tabia nyingine ya lugha. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa machache ya kukopa na majina. Tuipe kila jaribio alama moja kwa kila neno linaloishia irabu, tuchukue lenye alama nyingi:

```
def alama(jaribio):
    jumla = 0
    for neno in jaribio.lower().split():
        neno = neno.strip(".,?!;:")
        if neno.endswith(("a", "e", "i", "o", "u")):
            jumla = jumla + 1
    return jumla

def vunja(siri):
    bora = 0
    alama_bora = -1000
    for k in range(26):
        a = alama(geuza(siri, -k))
        if a > alama_bora:
            alama_bora = a
            bora = k
    return bora
```

`strip` inaondoa nukta na mkato vilivyogandana na neno. Mabano mawili kwenye `endswith` si makosa ya chapa. Ndani yake ni orodha moja ya miisho.

Ujaribu ujumbe wa feri: 7, sawa. Ujaribu `Yozz vhpef fapdt`: inatoa 5 tena! Tazama `Tjuu qckza avkyo`: maneno yote matatu yanaishia irabu. Hii si bahati mbaya. I ni herufi namba 8, O ni 14, U ni 20, na ukiongeza 6 nyingine unafika 26, yaani umerudi kwa A. Irabu nne kati ya tano zimepangana hatua sita sita kwenye duara. Ukikosea ufunguo kwa 6, I inakuwa O, O inakuwa U, U inakuwa A, na programu inadanganyika. E peke yake ndiyo haimo kwenye mpangilio huo.

Dawa iko kwenye `qckza`. Kiswahili hakina Q. Ongeza adhabu kabla ya `return jumla`:

```
    adhabu = jaribio.lower().count("q") + jaribio.lower().count("x")
    jumla = jumla - 2 * adhabu
```

na `return jumla` ibaki chini yake. Ufunguo 5 sasa una alama 1, ufunguo 11 una alama 3, na jibu linatoka: Ndoo kwetu upesi.

Tahadhari moja kuhusu X. Vijana wengi kwenye simu huandika "xaxa" wakimaanisha sasa, na "cjui" wakimaanisha sijui. Kama jumbe zako ni za aina hiyo, ondoa x kwenye adhabu ubakishe q, vinginevyo `vunja` itaadhibu ufunguo ulio sahihi.

Na kama una karatasi tu bila kompyuta, tafuta vitu viwili. Herufi mbili zinazofanana zilizokaa pamoja karibu kila mara ni irabu mbili: `zhh` ni saa, kama zile D mbili za mbaazi. Na alama ya ng': `qj'rpeh` inajisaliti yenyewe, kwa sababu herufi mbili kabla ya alama hiyo lazima ziwe n na g. q ni 16, n ni 13, ufunguo ni 3. Ng'ombe mmoja anatosha kufungua barua nzima.

## Hatua ya 7: kuziba mianya

Mwanya wa kwanza ni maumbo ya maneno. Ondoa nafasi na alama zote, kuza herufi, panga tano tano:

```
def makundi(siri):
    safi = ""
    for herufi in siri:
        if herufi.lower() in ALFABETI:
            if len(safi) % 6 == 5:
                safi = safi + " "
            safi = safi + herufi.upper()
    return safi
```

Namba 6 ni herufi tano na nafasi yake. Ujumbe wa feri unakuwa `WHUKH MLYPF HZHHT VQHQP VUP`. Ipe `vunja` maandishi haya, itajibu 11, ambayo ni makosa, kwa sababu mwisho wa kundi si mwisho wa neno tena. Lakini `kisia` bado inajibu 7. H ni zilezile sita kati ya 23, upange utakavyo. Mpokeaji atasoma `PANDA FERIY ASAAM OJAJI ONI` na kuyatenga maneno mwenyewe. Kwa msomaji wa Kiswahili si kazi.

Mwanya wa pili, huo wa A nyingi, unazibwa kwa kubadilisha ufunguo kila herufi. Chagua neno, na herufi zake ziwe funguo kwa zamu. Ndilo fumbo linaloitwa la Vigenère, ingawa Giovan Battista Bellaso alikuwa ameshalichapisha mwaka 1553.

```
def geuza_kwa_neno(ujumbe, neno, upande):
    matokeo = ""
    i = 0
    for herufi in ujumbe:
        if herufi.lower() in ALFABETI:
            ufunguo = ALFABETI.index(neno[i % len(neno)])
            matokeo = matokeo + geuza(herufi, ufunguo * upande)
            i = i + 1
        else:
            matokeo = matokeo + herufi
    return matokeo
```

`upande` ni 1 kwa kuficha na -1 kwa kufichua. Neno liandikwe kwa herufi ndogo tupu. `i` inaongezeka pale tu herufi ilipogeuzwa. Ukiiweka nje ya `if`, yule aliyeondoa nafasi na yule aliyeziacha hawataelewana.

Chagua neno lisilo na A. Ukitumia `mvita`, "Panda" inakuwa `Bvvwa`, na A ya mwisho imebaki vilevile, kwa kuwa A kama ufunguo ni 0. Kila herufi ya tano ya ujumbe wako itasomeka wazi. Ukitumia `feri` inakuwa `Ueelf`: A ya kwanza imekuwa e, ya pili imekuwa f, na zile e mbili zilizokaa pamoja ni A na N.